Mama Mhamiaji
Dorothea Lange, Nipomo, California, Marekani, Machi 1936

Florence Owens Thompson alikuwa na umri wa miaka 32 picha hii ilipopigwa katika kambi ya wavuna njegere. Baridi ilikuwa imeua mazao, na vibarua walibaki bila kazi wala chakula cha kutosha. Lange alikuwa ameajiriwa na serikali kupiga picha za maisha ya watu wa mashambani wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi.

Tazama kwanza watoto wawili waliosimama. Wameegemea mabega ya mama na kutupa visogo, hivyo uso wake unabaki peke yake katikati, na jicho la mtazamaji halina pengine pa kwenda. Mtoto mchanga amelala mapajani, karibu apotelee ndani ya nguo. Vichwa hivi, pamoja na mkono uliopanda shavuni, vimepangika kama pembetatu.

Sasa tazama macho. Hayatuangalii, wala hayana machozi. Paji limekunjamana, midomo imefungwa. Wengi huona huzuni. Sisi tunaona zaidi mama anayepiga hesabu ya kesho.

Chini kulia palikuwa na kidole gumba kilichoshika mti wa hema. Lange aliagiza kifutwe mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini kivuli chake bado kipo.

Lange hakumuuliza jina. Thompson alitambuliwa hadharani mwaka 1978, akafariki mwaka 1983. Negativu ya picha inahifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington.