Mombasa Iliyomo Sahanini

Mwuza muhogo wa Mama Ngina hana haraka. Anavigeuza vipande juu ya makaa mpaka vishike madoa meusi, anakipasua kimoja katikati kwa kisu, kisha anachukua nusu ya ndimu, anaichovya kwenye bakuli la chumvi na pilipili ya unga, na kuisugua ndani ya ule ufa mpaka maji yakolee. Anakufungia ndani ya kipande cha gazeti. Mbele yako ni mlango wa Kilindini, ambamo meli za makontena hupita karibu hata ukaweza kusoma majina yake ubavuni. Nyuma yako ni mibuyu iliyokuwapo kabla ya barabara, na watoto wanaolilia mabuyu ya rangi.

Mgeni akiniuliza aanzie wapi kuijua Mombasa, simpeleki kwenye Ngome ya Wareno. Namleta hapa, nampa muhogo, halafu namuuliza anakula chakula cha nani. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Pilipili hiyo nayo ni ya Amerika. Wareno ndio waliovivusha bahari. Ndimu na jamii yake walizikuta hapa, na zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza walivyopewa na mji huu.

Lakini tusianze na Mreno, maana mji ulikuwapo zamani kabla yake. Mwaka 1331 alipita Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, akalala usiku mmoja akielekea Kilwa. Alichokiandika ni kifupi na karibu chote ni cha mambo ya kula na kuswali: kwamba watu wa kisiwa hawalimi nafaka, huletewa kutoka bara, kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, kwamba kuna malimau na tunda moja dogo mfano wa zeituni, tamu sana, ambalo kwa maelezo yake haliwezi kuwa jingine ila zambarau. Akasema misikiti ni ya mbao, imejengwa vizuri, na mlangoni pana kisima ambapo kila aingiaye huosha miguu kwanza. Nenda sokoni Marikiti msimu wa zambarau, uwaone akina mama wameyapanga mafungu mafungu, vidole na midomo vimekuwa urujuani. Ndizi mbichi za kupika kwa nazi zipo mwaka mzima. Na nafaka bado inatoka bara.

Mreno Vasco da Gama alitia nanga nje ya mji Aprili 1498. Mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Ukarimu huo haukumzuia kushuku, wala haukuwazuia wenyeji: usiku waogeleaji walizifuata meli zake wakijaribu kukata kamba za nanga. Akang'oa nanga akaenda Malindi, alikokaribishwa. Miaka saba baadaye Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, alikuja na kundi zima la meli, akauteka mji na kuuchoma moto.

Katika masimulizi ya shambulio hilo la 1505 kuna jambo moja ambalo wanahistoria hulipita mbio, nami naliona ni la thamani kuliko hesabu za mizinga. Mwandishi alilalamika kwamba njia za mji ni nyembamba mno, watu wawili hawawezi kupita sambamba, na kilichozidi kuzibana ni viti vya mawe vilivyojengwa humo njiani. Sisi tunajua alichokiona. Ni baraza. Wale askari walikuwa wakipigana mahali watu wanapokaa jioni kunywa kahawa.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1593, ikakamilika 1596. Msanifu wake alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno huko Goa, akaichora kwa mfano wa mtu aliyelala chali. Kuta zinapaa juu ya mwamba wa matumbawe, na saa tisa mchana jiwe hurudisha joto kama tanuri. Kwa hiyo ingia asubuhi. Usiishie kwenye mizinga ambayo kila mtu huipiga picha. Tafuta ule ukuta ambao mabaharia wa Kireno waliuchora kwa mkaa na udongo mwekundu: meli, meli, na meli nyingine, zenye matanga na kamba zilizohesabiwa kwa uangalifu. Hizo si picha za wasanii. Ni za watu waliochoka kulinda kuta, macho yakiwa baharini.

Na meli zilikuja kungojewa kweli. Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome, na mzingiro ukaendelea miezi 33. Walioijaza hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo Waswahili wengi waliosimama upande wao. Njaa na maradhi viliua wengi kuliko risasi. Meli iliyotumwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama pale pale chini ya kuta mwaka 1697, na wapiga mbizi wakaja kuitoa vitu vyake miaka ya 1970. Baadhi vimo ndani ya jumba la makumbusho. Desemba 1698 Waomani walipoingia, watetezi waliobaki hai walikuwa wachache wa kuhesabika.

Ajabu ni yale yaliyobaki vinywani mwetu. Gereza ni neno la Kireno, igreja, lenye maana ya kanisa. Pwani likaja kumaanisha boma la mgeni, ndiyo maana ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza hadi leo. Kisha, kwa kuwa mabomani ndimo watu walimofungwa, likawa jela. Mwaka 1895 Waingereza wakaigeuza Ngome ya Mombasa kuwa jela hasa, mpaka 1958. Jengo lililokuwa na kanisa ndani yake likageuka gereza kwa maana zote mbili. Neno meza ni la Kireno pia. Na leso, ambayo kwingine huitwa khanga, ni lenço, kitambaa cha mkononi. Barabara ya Biashara lipo duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887, ambalo leso zake hutambulika kwa maandishi ya Mali ya Abdulla. Ukienda kununua, soma jina la leso kwanza ndipo utazame rangi, na kama unamnunulia mkweo soma mara mbili.

Waomani na ukoo wa Mazrui waliotawala baada ya Wareno tuwaache kwa wenye vitabu, isipokuwa kwa kahawa. Ndia Kuu, katikati ya Mji wa Kale, baada ya swala ya alasiri utamsikia mwuza kahawa kabla hujamwona, anagonganisha vikombe mkononi. Dele lake la shaba lina makaa chini yake. Kahawa ni tungu, haitiwi sukari. Utamu unautafuta kwenye haluwa au kashata. Usisimame nayo kama mtu anayewahi matatu. Keti barazani, mtu atakusogelea, na mazungumzo yatakwenda kwenye mpira au siasa. Ukiinua macho utaona mnara wa msikiti wa Mandhry, uliojengwa karibu mwaka 1570, miongo miwili kabla ya Ngome.

Kisha ikaja reli, 1896, na vibarua zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi, pamoja na wafanyabiashara waliowatangulia na waliowafuata. Wengi walirudi kwao, ila karai likabaki. Viazi karai huvishwa unga uliotiwa rangi ya manjano, hukaangwa, hupasuliwa na kumiminiwa ukwaju. Kiazi ni cha milima ya Andes, karai ni la Kihindi, ukwaju ni wa Afrika. Asubuhi sahani inabadilika: mbaazi za nazi kwa mahamri, na hilo jina mahamri linatokana na neno la Kiarabu la chachu. Sijui mtu wa Mombasa aliyewahi kukaa akayachambua haya akiwa na njaa.

Wageni wengi wanashushwa kituo cha treni cha Miritini au uwanja wa ndege na kupelekwa moja kwa moja kwenye hoteli za Bamburi au Diani, wakalala siku tano bila kukanyaga kisiwa. Ufuo ni mzuri, sibishi. Lakini anayekwenda Diani na avuke kwa feri ya Likoni, ambako abiria wa miguu halipi nauli. Mwambie dereva avushe gari. Teremka kwenye mteremko pamoja na umati, simama ubavuni mwa feri, upepo wa mlango ukupige. Upande wa pili, kabla gari halijakufikia, mtu anakata madafu. Ukimaliza maji mrudishie dafu, alipasue, akuchongee kijiko kwa kipande cha kumbi lake, ukombe ule urambe.