Lugha ya Soko na Lugha ya Amri: Usuli wa Ukimya katika Mazoezi ya Kuzungumza Kiingereza Chuoni, Rusizi

Mwalimu wa Kiingereza wa chuo kikuu anapowaagiza wanafunzi wa Rusizi wakae wawili wawili na kuigiza mwuzaji na mnunuzi wakipatana bei, mara nyingi husikia kwanza minong'ono ya Kinyarwanda, kisha sentensi chache zilizoandikwa daftarini na kusomwa kwa sauti ya chini. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba vijana hao wana haya. Makala hii inashikilia kwamba ukimya huo una historia, na kwamba historia hiyo imo katika njia ambazo kila lugha ilipitia hadi kufika kwenye kingo za Mto Rusizi.

Kiswahili kilifika kwa mdomo. Mwaka 1896 kikosi cha Dola Huru ya Kongo kiliwashinda wanajeshi wa mfalme wa Rwanda huko Shangi, mahali ambapo leo pamo katika wilaya jirani ya Nyamasheke. Miaka miwili baadaye Wajerumani waliweka kituo chao papo hapo, wakiwa na askari na wapagazi waliozungumza Kiswahili, lugha ambayo serikali yao iliitumia katika utawala wa Afrika ya Mashariki. Utawala huo ulipita, lakini lugha ilibaki kwa sababu ya jirani. Bukavu iko ng'ambo ya mto, na anayevuka daraja na kikapu cha mboga au bunda la nguo hujifunza kutaja bei, kulalamika, kubembeleza na kutania kabla hajajua kuandika neno hata moja la lugha hiyo. Akikosea upatanisho wa ngeli, mnunuzi humwelewa na biashara huendelea.

Kifaransa kilipitia shuleni. Wamisionari Wakatoliki walifungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903, na baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi mwaka 1916, Kifaransa kikawa lugha ya ofisi na ya elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Taifa kilipoanzishwa Butare mwaka 1963, kwa ushirikiano na Wadominika wa Kanada, kilifundisha kwa lugha hiyo.

Kiingereza ndicho kilichokuja kwa amri. Kilifanywa lugha rasmi mwaka 1996, baada ya kurejea kwa Wanyarwanda waliokulia Uganda, Tanzania na Kenya. Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe lugha ya kufundishia, na shule zikaanza kubadilika mwaka uliofuata. Hapa tofauti za mahali zina uzito ambao, kwa maoni yangu, haujatiliwa maanani ya kutosha. Nyagatare, kaskazini-mashariki, kulikuwa na familia zilizorudi kutoka Uganda na Kiingereza chao. Rusizi inapakana na Kongo na Burundi. Wengi waliorejea kupitia upande huo walikuja na Kifaransa na Kiswahili. Mwalimu wa Rusizi aliyesoma kwa Kifaransa alitakiwa kufundisha kwa lugha ambayo yeye mwenyewe alikuwa akijifunza wakati wa likizo. Ubao ukawa kimbilio lake: aliandika, wanafunzi wakanakili. Basi kijana aliyeingia chuoni miaka iliyofuata alikuwa ameandika Kiingereza kingi na kuzungumza kidogo mno.

Juu ya msingi huo ndipo yalipojengwa mazoezi ya kuzungumza: mjadala, igizo, mahojiano, uwasilishaji mbele ya darasa. Mkabala wa kimawasiliano unaoyabeba ulikua Ulaya katika miaka ya 1970, ukilenga hasa wajifunzaji ambao wangeikuta lugha hiyo nje ya darasa. Rusizi, darasa lenyewe ndilo karibu mahali pekee inaposikika. Si ajabu kwamba uwasilishaji, unaoweza kukaririwa usiku kucha, huenda vizuri kuliko igizo la sokoni. Na kejeli iliyopo ni kwamba kijana anayeshindwa kupatana bei kwa Kiingereza darasani pengine alipatana bei kwa Kiswahili asubuhi hiyohiyo. Stadi ya mazungumzo anayo; ila mwalimu hamwulizi aliipataje.

Suala hili linawahusu pia walimu wa Kiswahili. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na kimeingia darasani kikiwa na majedwali ya ngeli na mitihani ya kuandika. Mwanafunzi wa Kamembe analeta Kiswahili chenye lafudhi na msamiati wa Bukavu. Kinaposahihishwa kwa kalamu nyekundu tangu juma la kwanza, naye huanza kuandika sentensi daftarini kabla ya kuitamka, katika lugha ambayo hapo awali hakuwahi kuiogopa.