Mioyo Miwili ya Vyura na Dawa ya Kupulizia

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Unasikia mapigo? Ukikimbia yanaenda mbio, ukilala yanapungua. Moyo huambiwa na nani? Sikiliza, kwa maana jibu lake linamhusu kila anayebeba pampu ya dawa shambani.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijulikana kwamba mishipa ya fahamu, yaani neva, hutoka ubongoni hadi moyoni. Wengi waliamini neva hupitisha umeme tu, kama waya wa stima. Otto Loewi, mzaliwa wa Frankfurt, Ujerumani, aliyekuwa profesa wa elimu ya dawa mjini Graz, Austria, alishuku kwamba kuna kemikali katikati. Mwenyewe alisimulia kuwa njia ya kuthibitisha ilimjia ndotoni mwaka wa 1920. Aliamka akaandika kwenye kikaratasi, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake! (Sisi wauguzi tunaosoma fomu za madaktari tunamwelewa.) Usiku uliofuata, saa tisa, wazo likarudi. Safari hii alitoka kitandani akaenda maabara.

Alichukua mioyo miwili ya vyura, yote ikidunda kwa maji ya chumvi. Akaisisimua neva ya vagasi ya moyo wa kwanza, na moyo ukapunguza mwendo. Kisha akachota maji ya moyo huo akayatia katika moyo wa pili, ambao neva yake hakuigusa. Nao ukapunguza mwendo. Basi kulikuwa na kitu ndani ya maji.

Makala aliyochapisha mwaka wa 1921 yalikuwa ya kurasa nne tu. Wengine walirudia jaribio wakashindwa, wakamtilia shaka. Mwaka wa 1926, katika mkutano wa wanasayansi mjini Stockholm, alilionyesha mara 18 kwa moyo ule ule. Mwaka huo huo yeye na mwenzake Ernst Navratil walichapisha kwamba kitu kile kinafanana na asetilikolini, na kwamba mwilini mna kimeng'enya kinachoivunja upesi. Kimeng'enya kikizuiwa, asetilikolini haiishi, na moyo unazidi kulegea. Ukiniuliza mimi, makala haya yana uzito kuliko yale ya ndoto, ingawa hayasimuliwi sana.

Mwaka wa 1936 Loewi na Mwingereza Henry Dale walipata Tuzo ya Nobel. Mwaka wa 1938 Wanazi walipoiteka Austria, walimtia Loewi jela kwa kuwa ni Myahudi. Akiogopa kuuawa kabla ya kazi yake ya mwisho kuchapishwa, aliomba postikadi na kalamu, akayaandikia jarida moja matokeo yake kutoka humo. Aliachiliwa baada ya kama miezi miwili, akalazimishwa kutoa pesa za Nobel, akakimbilia ng'ambo. Alifariki New York mwaka wa 1961.

Katika miaka hiyo ya 1930, huko huko Ujerumani, Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa za kuua wadudu. Kemikali alizotengeneza, jamii ya oganofosfeti, huzuia kimeng'enya kile kile. Ndiyo maana mtu aliyezinywa, au aliyelowa mgongoni pampu ikivuja, hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, huendesha na kutapika, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, mapigo ya moyo hupungua na kifua hujaa maji. Kinachoua zaidi ni kushindwa kupumua.

Ukiona hivyo, vaa glavu au mifuko ya plastiki, mvue nguo, muoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe. Usimpe maziwa, huku kwetu maziwa yamecheleweshea wengi safari ya hospitali. Mkimbize, na ubebe chupa ya dawa au karatasi yake.

Hospitalini atadungwa atropini. Dawa hii ilijulikana tangu karne ya 19, lakini ni kazi ya akina Loewi iliyoeleza inazuia nini: huizuia asetilikolini isifanye kazi moyoni wala mapafuni. Usishangae ukiona muuguzi akiidunga tena na tena usiku kucha. Anasikiliza kifua, na ataendelea mpaka kikauke.