Samaki wa Ziwa Mweru na Matairi Yaliyowabeba
Historia ya biashara ya samaki kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, kutoka nchi ya chifu Puta wa Wabwile hadi Nchelenge, ni historia ya matairi pia, ingawa wanaoiandika huwakumbuka wavuvi na kuyasahau magari yaliyofikisha samaki sokoni. Zama za ukoloni, wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, walipeleka samaki kwa malori hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilhali mzigo wa Rhodesia ya Kaskazini ulielekea migodi ya Copperbelt kwa barabara inayokatiza ardhi ya Kongo hadi Mufulira.

Zama hizo, uwezo wa tairi kubeba mzigo ulipimwa kwa idadi ya tabaka za kitambaa cha pamba zilizomo ndani yake. Nyuzi imara zaidi, kama za nailoni, zilipochukua nafasi ya pamba, tabaka chache zilitosha, na namba ile ikabaki kipimo cha nguvu tu. Siku hizi ubavuni mwa tairi huandikwa pia fahirisi ya mzigo, ambayo ni namba inayowakilisha uzito: 121 ni kilo 1,450 kwa tairi moja lenye upepo wa kutosha. Pikapu iliyosheheni samaki wabichi na barafu huelemea zaidi ekseli ya nyuma, kwa hiyo mchukuzi anayefunga huko matairi ya gari dogo kwa kufuata urahisi wa bei huhatarisha uhai wa watu, hasa wale wanaopanda juu ya mizigo.