Nusu Maili: Historia Fupi ya Msitu Wetu

Mwaka 1941, Vita vya Pili vya Dunia vimepamba moto, vijana wa Tanganyika wako Keya, jeshi la Waingereza, wanapambana na Waitaliano kule Abisinia. Wazee wetu hawakungoja vita viishe. Mwaka huohuo, kwenye ukingo wa chini wa hifadhi ya msitu wa Kilimanjaro, juu kidogo ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, ilitengwa kanda yenye upana wa nusu maili ikawekwa chini ya Baraza la Wachagga, Idara ya Misitu ikibaki mshauri. Ndiyo Nusu Maili.

Shida iliyoizaa kila nyumba iliijua. Kihamba hurithiwa, na kila kikirithiwa hugawanywa. Kahawa ilikuwa imeenea chini ya migomba, na ng'ombe hufungiwa zizini hapo nyumbani, hivyo lazima aletewe majani. Msitu wenyewe ulikuwa hifadhi ya Serikali tangu 1921. Mama wa Kibosho au Marangu atoe wapi kuni? Mzee anayejenga atoe wapi nguzo?

Jibu likawa kupanda. Ikapandwa mikaratusi, misonobari, mikrismasi na migrevilea, miti ya kukua upesi, ili msitu wa asili ulio juu, chemchemi ya mifongo (mifereji ya maji) yetu yote, upumue. Kina mama walipanda mlimani asubuhi na mundu, wakakata majani, wakafunga mzigo kwa magome makavu ya migomba na kuteremka nao kichwani. Ulinzi ulikuwa wa wenyewe: msitu ni wa Baraza, na Baraza ni letu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipokuwa siri ya miaka ile ishirini ya Baraza, na wamangi (machifu) na washauri wao wanastahili shukrani isiyo na kifani.

Baada ya Uhuru Baraza liliondoka, msitu ukaenda halmashauri ya wilaya. Mwaka 1972, kwa sera ya Madaraka Mikoani, ukawa wa Serikali Kuu. 1987 ukarudi wilayani. Katikati hapo ipo miaka ambayo shoka lilikimbia kuliko jembe, na waliokuwepo wanaikumbuka. Huko juu ya msitu, Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa 1973, ikafunguliwa 1977, ikawa Urithi wa Dunia 1987. Mwaka 2005 msitu wote, pamoja na Nusu Maili, uliingizwa humo.

Kwa kuwa Nusu Maili sasa imo ndani ya Hifadhi, mazungumzo ya kuni na majani hayajaisha vijijini. Tunaomba yaendelee kwa heshima, na kina mama wapewe nafasi ya kwanza kuzungumza.