Kabichi Katika Kikaango cha Kusini

Mwalimu wa tafsiri hukwama mara kwa mara mahali asipopatarajia. Muhula mmoja tuliwapa wanafunzi wetu kifungu kifupi cha habari kuhusu maisha ya kusini mwa Marekani. Ndani yake bibi mmoja anawapikia wajukuu zake waliorudi kutoka mjini kabichi iliyokaangwa kwa bekoni, yaani nyama ya ubavuni mwa nguruwe iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi. Wajukuu wanakula huku machozi yakiwalenga. Maneno yote yalifasirika bila taabu. Kabichi twaijua, hapa Uganda huuzwa katika kila soko, na Waganda huiita emboga. Nguruwe naye twamjua, tunaomla na tusiomla. Hata hivyo, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, hawa wanalilia kabichi?"

Darasa zima lilicheka, nasi hatukuwa na jawabu la haraka. Haya yafuatayo ndiyo jawabu letu, nasi twawaletea walimu wenzetu kwa kuwa swali lile laweza kuulizwa katika darasa lolote.

Tuanze na majina, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Neno kabichi tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata katika lahaja ya kaskazini mwa Ufaransa, ambako maana yake ilikuwa kichwa. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi husema amashu, neno lililotoka katika Kifaransa cha watawala wao wa zamani, Wabelgiji. Basi mboga ni moja, lakini majina yake yaonyesha iliingia kwa mlango wa nani. Huko Amerika pia kabichi ilikuwa mgeni. Asili yake ni pwani za Ulaya, na mwaka 1541 Mfaransa Jacques Cartier aliipanda Kanada. Nguruwe wa kufugwa naye alikuwa mgeni: Columbus aliwapeleka visiwani mwaka 1493, na mwaka 1539 Mhispania Hernando de Soto alishuka nao Florida. Mwaka 1619 wakaletwa Virginia Waafrika wa kwanza waliouzwa katika koloni lile la Waingereza. Wageni hao watatu, mboga, mnyama na binadamu, walikutana katika nchi isiyokuwa yao. Lakini mmoja tu kati yao aliijua huzuni ya safari.

Mapishi yenyewe ni mepesi. Bekoni hukatwa vipande vidogo, ikawekwa katika kikaango kizito cha chuma cha kusubu juu ya moto wa wastani, hata mafuta yake yakatoka na vipande vikakauka. Vipande huopolewa, mafuta yakabaki. Humo hutiwa kitunguu, kisha kabichi iliyokatwakatwa, na pilipili manga. Chumvi haitiwi mpaka mpishi ameonja, kwani bekoni ina chumvi yake. Kikaango hufunikwa kwa muda wa dakika 15 au 20, kabichi ikalainika katika maji yake yenyewe, na kingo zake zikapata rangi ya kahawia. Mwisho vipande vya nyama hurudishwa juu. Chakula hiki huliwa pamoja na mkate wa mahindi. Mwenye kuangalia ataona kwamba nyama hapa imegeuka kiungo: kipande kidogo chatia ladha sufuria nzima ya mboga. Ni upishi wa watu waliokuwa na nyama kidogo na vinywa vingi.

Kwa nini nyama ilikuwa kidogo? Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka 1838, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1845 juu ya posho ya watumwa wa shamba alilokulia huko Maryland. Kila mtu mzima alipewa kwa mwezi ratili 8 za nyama ya nguruwe, au samaki wa kiasi hicho, na unga wa mahindi upatao lita 35. Ratili 8 ni kilo tatu na nusu na ushei, kwa siku 30 za kazi ya jua kali. Posho hiyo ilipimwa na mwenye shamba, naye aliyeshika mizani alishika pia maisha ya watu. Aliyetaka zaidi alipaswa kujitafutia. Katika mashamba mengi watumwa waliruhusiwa kulima vijibustani karibu na vibanda vyao, usiku au siku ya Jumapili, baada ya kuimaliza kazi ya bwana. Humo walipanda mboga za majani, viazi na kunde. Kunde tunazijua sisi, maana asili yake ni Afrika. Hata leo watu wa kusini hula kunde na mboga za majani siku ya Mwaka Mpya, wakisema kwamba majani ni mfano wa fedha za noti.

Hapo ndipo twaona jambo ambalo kifungu chetu cha darasani hakikulisema. Nyama ilitoka katika mkono wa bwana, lakini majani yalitoka katika jasho la mpishi mwenyewe. Katika kikaango kimoja walikutana posho na bustani. Yule mama aliyevichanganya alikuwa akiwapa watoto wake kitu ambacho bwana hakukipima.

Isidhaniwe kwamba nyama ya moshi ilikuwa kitu cha mchezo kwa yeyote. Zama zile hapakuwa na majokofu. Nguruwe walichinjwa majira ya baridi yalipoanza, nyama ikafukiwa katika chumvi kwa majuma kadhaa, kisha ikaning'inizwa katika kibanda cha moshi. Bila chumvi hapakuwa na nyama ya mwaka. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, manowari za kaskazini zilizuia meli zilizokuwa zikileta chumvi kusini, na Desemba 1864 majeshi ya kaskazini yalivunja mitambo ya chumvi ya Saltville, Virginia. Watu walifikia hatua ya kuchimbua udongo wa sakafu za vibanda vya moshi na kuuchemsha, wapate chumvi iliyodondoka humo miaka iliyopita.

Utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1865, lakini mizani haikuondoka. Waliokuwa watumwa, pamoja na Wazungu maskini wengi, wakawa wakulima wa nusu kwa nusu. Mkulima alilima pamba katika ardhi ya mwingine, akikopa chakula katika duka la mwenye ardhi: unga wa mahindi, nyama ya mafuta na asali ya miwa. Deni lililipwa kwa pamba, na mara nyingi pamba haikutosha. Katika mashamba mengi pamba ilipandwa hadi mlangoni mwa nyumba, bustani ikakosa nafasi. Matokeo yake yalikuwa ugonjwa wa pelagra, unaoharibu ngozi, tumbo na akili, ambao uliua maelfu ya watu wa kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyepewa kazi ya kuuchunguza mwaka 1914, alionyesha kwamba sababu yake ni ufukara wa chakula. Mwaka 1937 ikabainika kwamba kilichokosekana ni vitamini iitwayo niasini. Basi tusikipambe mno chakula cha kusini. Nyama ya mafuta na unga pekee vilikuwa njaa iliyovaa nguo za shibe.

Kati ya miaka ya 1910 na 1970, Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 waliihama kusini wakaenda Chicago, Detroit, New York na miji mingine. Walichukua nguo chache, nyimbo na mapishi. Katika miaka ya 1960 mapishi hayo yalipata jina jipya, "chakula cha roho," na jina hilo likawa bendera. Kile kilichodharauliwa kama chakula cha shamba kikatangazwa kuwa urithi.

Lakini katika miaka hiyo hiyo, kule kusini, chakula kilikuwa bado fimbo. Mwaka 1962, katika wilaya ya Leflore, Mississippi, wakubwa wa wilaya walikatiza msaada wa chakula cha serikali uliowategemeza watu zaidi ya 20,000, wengi wao weusi, wakati ambapo Weusi walikuwa wakijiandikisha kupiga kura. Mwaka huo huo, katika wilaya jirani ya Sunflower, Bibi Fannie Lou Hamer alifukuzwa katika shamba alilofanyia kazi miaka 18, kwa kosa la kwenda kujiandikisha. Jawabu lake latufundisha mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliongoza ushirika wa kilimo, na pamoja nao "benki ya nguruwe": familia ilipewa nguruwe jike, ikamtunza, na alipozaa baadhi ya watoto wake walipewa familia nyingine. Ushirika huo ulilima mboga pia. Bibi Hamer alikuwa ametambua kwamba mwenye nguruwe wake na bustani yake hatishwi kwa urahisi.

Haki yataka tuseme pia yaliyo upande wa pili. Kabichi na nyama ya nguruwe si mali ya watu weusi peke yao. Waayalandi na Wajerumani walikuwa na mapishi ya namna hiyo makwao, na Wazungu maskini wa kusini walikula kikaango kile kile. Tena si Weusi wote wanaokisifu chakula hiki. Elijah Muhammad, kiongozi wa Waislamu Weusi wa Marekani, aliandika kitabu mwaka 1967 akiwahimiza wafuasi wake waache nguruwe kabisa, na siku hizi wapishi wengi hutumia nyama ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi. Wasomaji wetu ambao dini yao imewakataza nguruwe watalielewa jambo hili upesi. Mboga imebaki ile ile, na kumbukumbu haikupotea kwa kubadili nyama.

Tulirudi darasani tukamjibu mwanafunzi wetu kwamba wale wajukuu hawakulilia kabichi. Walimwona bibi yao, na nyuma ya bibi wakawaona mama wengi wasioandikwa majina katika kitabu chochote, waliogeuza kipimo cha bwana kikawa karamu ya watoto. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Yule kijana alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba nyumbani kwao, miaka ya vita, mama yake alikuwa akipika majani ya maboga kwa karanga chache zilizopondwa, na kwamba yeye mwenyewe hawezi kuyala leo bila kunyamaza kwanza. Hakuna aliyecheka. Tuliwaagiza wote waende wakawaulize wazee wao juu ya chakula kimoja cha wakati wa dhiki, waandike kilipikwaje, na nani alikipika. Insha zile ndizo bora tulizopata kusahihisha mwaka ule.