Kidonda kipi kifungwe kwa bandeji ipi?

Wandegeya, kitongoji cha Kampala kilicho kati ya kilima cha Makerere na kile cha Mulago, ni mahali ambapo mtu aliyejeruhiwa hukuta duka la dawa kabla ya kufika hospitali. Humo huuzwa pamba, gozi, plasta na bandeji, na wengi huchagua kwa bei. Hata hivyo, vifaa hivyo havifanyi kazi moja, na kifaa kisichofaa huchelewesha kupona.

Dhana ya kuondolewa kwanza ni ile isemayo kwamba kidonda hupona upesi kikiachwa wazi kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa London alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe: majeraha mepesi yaliyofunikwa kwa utando wa plastiki yaliota ngozi mpya kwa kasi inayokaribia mara mbili ya yale yaliyoachwa yashike kigaga. Seli za ngozi husogea kwa urahisi penye unyevu. Penye kigaga hulazimika kujipenyeza chini yake. Lakini unyevu ukipita kiasi, ngozi ya pembeni hulowa, hugeuka nyeupe na kumomonyoka. Ndiyo maana muuguzi hutazama kwanza kidonda kinatoa majimaji kiasi gani.

Mchubuko au mkato mdogo huoshwa kwa maji safi yanayotiririka. Spiriti huua vijidudu, lakini huua pia seli zinazojenga ngozi. Baada ya hapo hufaa plasta yenye kitambaa kisichonata, au gozi iliyopakwa mafuta ya mgando. Pamba isiwekwe moja kwa moja juu ya jeraha, kwani nyuzi zake hubaki ndani. Gozi kavu nayo hugandamana na kidonda, na anayeibandua kwa nguvu huing'oa pamoja na ngozi changa. Ilowekwe kwanza kwa maji safi.

Majeraha ya moto

Abiria wa boda boda wanaijua alama inayoachwa na ekzosi kwenye ndama ya mguu. Jeraha la namna hiyo hupozwa kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si kwa barafu. Dawa ya meno, siagi na unga, ambavyo bado hupendekezwa na majirani wenye nia njema, huziba joto ndani na humlazimu daktari kuvikwangua. Malengelenge yasipasuliwe nyumbani. Kifuniko kinachofaa ni kile kisichonata, kikishikiliwa na bandeji isiyobana.

Katika nchi inayoishi kwa matoke, inafaa kutaja kwamba madaktari wa Mumbai, India, walichapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu jani la mgomba kama kifuniko cha majeraha ya moto, na wagonjwa walipata maumivu machache kuliko wale waliofungwa gozi ya mafuta. Majani hayo yalikuwa yametakaswa kwa mvuke hospitalini. Jani lililokatwa shambani si kitu kilekile.

Kidonda kinachotoa majimaji mengi huhitaji kifuniko kinachofyonza: sponji maalumu ya kitabibu, au aljineti, inayotengenezwa kutokana na mwani wa kahawia (si ule mwekundu unaolimwa Zanzibar). Kikiwekwa juu ya kidonda kikavu, kifuniko hicho hicho hufyonza hata unyevu unaohitajika. Kidonda kikavu chenye utando mgumu hulainishwa kwa jeli, isipokuwa kidole cha mguu kilichokuwa cheusi kwa kukosa damu. Hicho huachwa kikavu hadi daktari akione. Mwenye kisukari asifungwe bandeji ya kubana mguuni kabla ya mzunguko wa damu kupimwa.

Jeraha la kuumwa na mbwa lisizibwe. Huoshwa kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha mtu huenda siku hiyo hiyo kupata chanjo ya kichaa cha mbwa, na ya pepopunda iwapo inahitajika.

Kidonda kisichopona

Lipo pia kundi ambalo bandeji peke yake haiwezi kuliponya. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Albert Cook, wa hospitali ya Mengo iliyopo hapa Kampala, aliandika kuhusu wagonjwa wenye vidonda vikubwa visivyo vya kawaida. Ugonjwa huo baadaye ulipewa jina la Buruli, eneo la Uganda ambalo sasa limo katika wilaya ya Nakasongola, ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960. Mara nyingi huanza kama uvimbe mdogo usiouma, na kwa sababu hauumi, mtu huendelea kubadilisha bandeji nyumbani huku bakteria wakila ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Tiba yake ni antibiotiki mbili, rifampisini na klarithromisini, zinazomezwa kwa wiki 8. Kidonda chochote kisichoonyesha dalili ya kupungua baada ya wiki mbili, kinachonuka, au chenye wekundu unaosambaa, kionwe na mhudumu wa afya kabla ya kununuliwa bandeji nyingine.